Ufito wa Chuma Kwenye Ardhi Mgando

Kazi yangu ya kwanza kule Toolik, kaskazini mwa Alaska, ilikuwa kuchoma ardhi. Unapewa ufito wa chuma wenye alama za sentimita na mpini wa kushika kwa mikono miwili, unapewa daftari la karatasi isiyolowa, unaonyeshwa mstari wa vibendera vilivyochomekwa kwenye nyasi, kisha unaachwa. Kwenye kila kibendera unausukuma ufito chini. Mwanzo unazama bila ubishi, kama mwiko kwenye uji. Halafu ghafla, ngo! Unagota, na mtikisiko unapanda hadi viwikoni. Unasoma alama iliyo usawa wa ardhi: 34. Unaandika. Hatua chache mbele: 29. Pembeni ya kijito: 51. Siku nzima ni hivyo hivyo, na mbu wameufunika mgongo wa koti lako kama nguo ya pili.

Siku ile nilidhani nimegonga jiwe. Nikauchomoa ufito, nikasogea kando, nikachoma tena. Jiwe tena. Mwenzangu wa zamu aliniacha nihangaike kidogo, kisha akaniambia hakuna jiwe lolote pale. Nilichokuwa nagonga ni udongo ulioganda, na umeganda hivyo kwenda chini kwa kina cha kama mita 200. Ukielekea kaskazini hadi Prudhoe Bay, ufukweni mwa Bahari ya Aktiki, kina chake kinazidi mita 600. Ule udongo laini wa juu ni ngozi tu, inayoyeyuka kwa miezi michache ya jua na kuganda tena.

Mimi ni mtoto wa Ifakara. Ardhi ninayoijua humeza mguu hadi gotini wakati wa masika, na ukichimba, unachimba hadi ukutane na maji. Ardhi ambayo ukiichimba unakutana na barafu, tena barafu iliyotangulia piramidi za Misri, ilinichukua siku kadhaa kuizoea kichwani.

Kwa Kiswahili sijawahi kukutana na jina lililozoeleka la udongo wa namna hii. Mimi nauita ardhi mgando, kama tunavyosema maziwa mgando, na mjomba wangu alipolisikia jina hilo kwenye simu alilielewa palepale. Wataalamu wana kipimo chao: ardhi yoyote iliyokaa kwenye nyuzijoto 0 au chini ya hapo kwa miaka miwili mfululizo, iwe udongo, mwamba au mboji. Tabaka la juu, linaloyeyuka kila mwaka, ndilo nililokuwa nalipima. Na namba zile, 34, 29, 51, zinamhusu hata mtu ambaye hana mpango wa kuiona Alaska maishani mwake. Ndiyo sababu naandika.

Toolik ni ziwa, na kando yake kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks kilichoanza 1975. Kiko upande wa kaskazini wa milima ya Brooks, mahali ambapo miti imekwisha kabisa. Kutoka Fairbanks ni safari ya siku nzima kwenye barabara ya Dalton, sehemu kubwa changarawe, na karibu njia yote unasindikizwa na bomba la mafuta. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,288 hadi bandari ya Valdez, na lilianza kupitisha mafuta mwaka 1977. Zaidi ya nusu ya urefu huo imeinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu mafuta hutoka kisimani yakiwa ya moto. Bomba lingelazwa ndani ya ardhi mgando lingeiyeyusha, likazama, likapasuka. Nguzo nyingi zina mirija yenye amonia ndani, inayopandisha joto kutoka ardhini wakati wa baridi na kulitoa hewani, ili udongo uendelee kuganda. Niliitazama mirija ile dirishani kwa saa nyingi. Waliojenga pale walijua kwamba barafu iliyo chini ndiyo msingi wa kila kitu kilicho juu yake.

Ardhi hii ni ghala la kaboni. Sasa nianze na ghala lenyewe.

Msimu wa mimea kukua kule ni mfupi, wiki kama kumi hivi. Lakini kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami, na jani linaweza kufanya kazi usiku na mchana. Kuna nyasi-pamba zenye vichwa vyeupe, zinazoota kwa mafungu magumu kama vichuguu, na kuyapita bila kuteguka kifundo ni ujuzi wa kujifunza. Kuna mierebi mifupi isiyofika gotini. Kuna kuvumwani wanaoliwa na kulungu wa Aktiki. Na chini ya yote hayo kuna sfagnamu, mmea laini kama sponji ambao ukiukamua kwa kiganja unatoa maji kama kitambaa cha kufulia. Mimea hii inavuta hewa ukaa na kujenga mwili wake kwa usanisinuru, kama mahindi yanavyofanya. Haijengi kingi. Kwa kila mita ya mraba, haifikii robo ya kile kinachojengwa na msitu wa mvua wa tropiki.

Utajiri wake unatokana na kutokuoza. Ifakara, jani la mwembe likianguka Machi, ukilitafuta Desemba hulioni: mchwa, kuvu na bakteria wameshaligawana, na kaboni yake imerudi hewani. Toolik jani linaanguka, theluji inalifunika, na mwaka unaofuata bado lipo, limelowa na ni baridi, halijaguswa sana. Linaangukiwa na jingine, na jingine tena. Tabaka linapanda pole pole, na mpaka wa barafu chini yake unapanda nao na kuyakamata majani ya chini kabla hayajaisha. Kinachoingia kila mwaka ni kidogo mno, lakini kimeingia kwa maelfu ya miaka bila kutoka. Leo udongo wa nchi za ardhi mgando za kaskazini, kuanzia Siberia hadi Alaska na Kanada, unakadiriwa kushika kati ya tani bilioni 1,460 na 1,600 za kaboni. Kaboni yote iliyomo angani sasa ni karibu nusu ya hiyo.

Niliisoma hesabu hiyo mara nyingi darasani bila kuihisi. Niliihisi siku nilipoingia kwenye handaki la Fox, karibu na Fairbanks, ambalo jeshi la Marekani lililichimba ndani ya ardhi mgando miaka ya 1960. Kuta zake ni udongo wenye barafu inayong'aa, na humo imechomoza mifupa ya wanyama wa zama za barafu pamoja na vijizizi vya nyasi vya zama zile zile. Kinachokupokea mlangoni ni harufu: soksi mbichi, maziwa yaliyochacha, zizi baada ya mvua. Ni harufu ya vitu vilivyoanza kuoza vikasimamishwa katikati, vikakaa hivyo makumi ya maelfu ya miaka, vikisubiri joto vimalizie. Nilisimama pale nikafikiri kwamba iwapo chumba kimoja kina harufu hii, bara zima la ardhi hii lina nini.

Ndipo nikaanza kuuliza kuhusu maji, kwa sababu maji yalikuwa kila mahali na sikuelewa yanatoka wapi.

Utqiaġvik, mji wa Wainupiat, wenyeji wa asili wa huko, ulio kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya Alaska, hupata mvua na theluji isiyofika milimita 150 kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha jangwa. Dodoma, ambayo sisi wenyewe tunaiita kame, hupata zaidi ya mara tatu ya hapo. Lakini ukiiangalia nchi ile kutoka kwenye ndege unaona maziwa yasiyohesabika, vidimbwi, na ardhi iliyogawanyika vipande vipande kama mgongo wa mamba. Vipande hivyo vinatokana na baridi kali inayoipasua ardhi kila mwaka. Maji ya theluji yanaingia kwenye ufa, yanaganda, mwaka unaofuata ufa unafunguka palepale, na baada ya karne nyingi kila ufa umekuwa kabari ya barafu pana kuliko mlango.

Maji yamejaa kwa sababu hayana pa kwenda. Chini kuna sakafu ya barafu isiyopitisha hata tone. Juu kuna hewa baridi inayovukiza kidogo sana. Sfagnamu haina mizizi ya kunyonya maji na kuyapeleka hewani kama mti wetu wa mkangazi unavyofanya. Hivyo kidogo kinachoanguka kinabaki, tena kinakuja kwa pupa: theluji ya miezi minane inayeyuka kwa muda wa wiki moja au mbili mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Mito inafurika juu ya barafu yake yenyewe kabla haijapasuka. Sehemu kubwa ya maji ya mwaka mzima inapita katika siku hizo chache, halafu nchi inatulia na kuloana hadi theluji irudi.

Na hapo ndipo nilipoielewa tundra, yaani nchi hii ya baridi isiyo na miti, kwa namna yangu. Kaboni ni mali iliyo ghalani, na maji ndiye bawabu. Yakiwa yameganda, mlango umefungwa na hakuna anayeingia wala kutoka. Yakiyeyuka, yeye ndiye anayeamua mali itoke kwa mlango upi, kwa haraka gani, na ikiwa na sura gani.

Jioni moja ya Julai nilimpigia mjomba. Kwake ilikuwa saa mbili asubuhi, kwangu saa tatu usiku na jua likiwa juu ya kilima kama saa kumi ya alasiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba wangu. Mmelala huko au mnafanya kazi?"

Nikamwambia tumemaliza kazi sasa hivi, na kwamba usiku haupo. Alicheka, kisha akauliza tunalima nini. Nikamweleza: hatulimi, tunapima ardhi inavyoyeyuka, na tunaweka maboksi ya plastiki juu ya nyasi ili kukamata hewa inayotoka kwenye udongo. Nikamweleza kuhusu vidimbwi, jinsi ukikanyaga pembeni mapovu yanavyopanda.

"Mapovu?" akasema. "Si haya ya majarubani? Maji yakituama mpunga ukiwa umeshika, ukipita kupalilia unayasikia yanapasuka miguuni."

Ni yale yale, mjomba. Nilimwambia hivyo na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Jaruba la Kilombero na kidimbwi cha Toolik vina wapishi wa aina moja. Udongo ukiwa mkavu kiasi kwamba hewa inaingia, vijidudu vinavyotumia oksijeni vinakula mabaki ya mimea na kutoa hewa ukaa. Udongo ukifunikwa na maji yaliyotuama, oksijeni inakwisha haraka, na kazi inachukuliwa na vijidudu vingine, vya kale sana, visivyoihitaji. Hivi vinafanya kazi polepole, na vinatoa methani. Methani haidumu hewani kama hewa ukaa, inakwisha kwa muda wa muongo mmoja hivi, lakini ikihesabiwa kwa miaka 100, tani moja yake inapasha dunia joto karibu mara 28 ya tani ya hewa ukaa.

Kwa hiyo sentimita chache za maji zinabadilisha kila kitu. Kipande kimoja cha mgongo wa mamba kinaweza kuwa na ukingo mkavu na tumbo lililojaa maji, hatua tatu tu kati yao, na boksi letu lilionyesha hewa tofauti kabisa kwenye kila upande. Hata methani ikishatengenezwa haina uhakika wa kutoka. Ikipanda kupitia tabaka la juu lenye oksijeni inakutana na bakteria wanaoila njiani na kuigeuza hewa ukaa. Lakini nyasi za majini, zile ndefu zenye mashina yaliyo wazi ndani, zinatumia mashina hayo kupeleka hewa mizizini, na methani inaitumia njia hiyo hiyo kupanda. Ukikata shina moja na kulitazama ndani utaona mrija. Ni dohani. Jaruba la mpunga nalo ni hivyo hivyo.

Mjomba ana jambo moja ambalo tundra haina. Siku hizi analima kilimo shadidi: anayaacha majaruba yakauke kwa siku kadhaa katikati ya msimu kisha anarudisha maji, na mapovu yanapungua. Anafungua mfereji na kuufunga kwa jembe. Nililifikiria sana jembe lile nikiwa natazama kilomita za vidimbwi ambavyo havina mfereji.

Nikipita haraka: kuna ghala jingine la aina hii kwenye bonde la Kongo, ardhi ya mboji ya Cuvette Centrale, inayokadiriwa kushika tani bilioni 30 za kaboni. Kule hakuna baridi hata kidogo. Mboji inalindwa na maji yaliyotuama peke yake, na yakikauka, inaoza. Toolik maji na baridi vinafanya kazi pamoja, na ndiyo maana kuisoma ni kugumu.

Turudi kwenye mlango mwingine, ule wa mito. Kwa muda mrefu watu waliopima kaboni ya tundra walipima inayopanda na kushuka juu ya nchi kavu tu. Mwaka 1991 George Kling na wenzake, waliofanya kazi hapo hapo Toolik, walionyesha kwamba maziwa na vijito vya Aktiki vinapumua hewa ukaa iliyotoka kwenye udongo wa jirani. Maji yanapita kwenye tabaka lililoyeyuka, yanachukua kaboni iliyoyeyuka ndani yake, yanaifikisha ziwani, na ziwa linaiachia hewani. Yale maji ya kahawia ya vijito vya tundra, yanayofanana na chai ya rangi iliyokolea, rangi yake ni kaboni. Mwaka 2014 Rose Cory, pamoja na Kling na wengine, walionyesha jambo lililonishangaza zaidi: katika mito na maziwa hayo, kati ya asilimia 70 na 95 ya kaboni inayobadilishwa ndani ya maji inabadilishwa na mwanga wa jua, moja kwa moja au kwa kuanza kuivunja. Sikujua kabla ya hapo kwamba jua linaweza kumega kaboni ya kale ndani ya maji kama linavyochujusha khanga kambani.

Kinachobaki kinaendelea kwenda baharini. Bahari ya Aktiki ina karibu asilimia 1 tu ya maji ya bahari zote za dunia, lakini inapokea karibu asilimia 10 ya maji ya mito yote: Ob, Yenisei, Lena, Mackenzie. Na mito sita mikubwa ya upande wa Ulaya na Asia iliongeza maji yake kwa asilimia 7 kati ya 1936 na 1999.

Watu hudhani majira ya baridi ni wakati wa kupumzika. Nami nilidhani hivyo, nikidhani Septemba theluji ikianguka mlango unafungwa. Haufungwi. Tabaka lililoyeyuka linaganda kutoka pande mbili, juu kwa sababu ya hewa na chini kwa sababu ya ardhi mgando, na katikati panabaki udongo wenye maji, ukiwa kwenye nyuzijoto 0 kwa wiki nyingi. Maji yanapoganda yanatoa joto, na joto hilo hilo linachelewesha kuganda kwake. Humo ndani vijidudu vinaendelea kula, na theluji juu ni blanketi. Vipimo vya Alaska vilivyotangazwa na Donatella Zona na wenzake mwaka 2016 vilionyesha kwamba angalau nusu ya methani ya mwaka mzima inatoka katika miezi ya baridi. Na mwaka 2019 timu kubwa iliyoongozwa na Susan Natali ilikadiria kwamba kati ya Oktoba na Aprili nchi za ardhi mgando zinatoa tani bilioni 1.66 za kaboni kama hewa ukaa, wakati mimea ya msimu wa joto inavuta tani bilioni 1.03. Hesabu ya mfanyabiashara yeyote wa duka la mtaani inatosha kuona kwamba hapo pana pengo.

Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Utqiaġvik kuna tukio ambalo siwezi kulisahau. Desemba 2017 wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani walikuta takwimu za joto za mji huo zimetoweka kwenye ripoti yao. Programu inayokagua vituo ilikuwa imeona joto limepanda kwa kasi isiyoaminika, ikahitimisha kwamba kipimo kimeharibika au kimehamishwa, ikaziondoa namba zote za mwaka ule. Kipimo kilikuwa kizima. Kilichokuwa kimebadilika ni mji wenyewe, hasa bahari yake, ambayo ilikuwa imekosa barafu kwa muda mrefu katika msimu wa kupukutika.

Wainupiat hawakuhitaji programu kuliona hilo. Kwa vizazi na vizazi wamechimba maghala ya nyama ndani ya ardhi mgando, wanayaita siġḷuaq, na humo nyama ya nyangumi inakaa imeganda mwaka mzima bila umeme. Sasa baadhi ya maghala hayo yanaingia maji na nyama inaharibika. Ghala la chakula na ghala la kaboni ni kitu kimoja. Yameshikwa na barafu ile ile.

Barafu ikiondoka, ardhi haibaki ilivyokuwa. Kama nusu ya udongo ilikuwa barafu, na sehemu nyingine za Siberia barafu inazidi hata hiyo nusu, basi ikiyeyuka nusu ya udongo imetoweka na juu panabomoka. Wakati mwingine shimo linajaa maji na kuwa ziwa jipya. Chini ya ziwa ardhi inaendelea kuyeyuka hata wakati wa baridi, na methani inapanda. Katey Walter Anthony wa chuo cha Fairbanks amefanya kazi kwenye maziwa hayo kwa miaka mingi: majira ya baridi mapovu yananaswa ndani ya barafu ya juu, meupe, yamepangana kama sahani. Ukitoboa na kuwasha kiberiti, moto unapanda juu kuliko mtu.

Wakati mwingine inatokea kinyume. Sakafu ya barafu inatoboka na ziwa linavuja. Wataalamu waliolinganisha picha za satelaiti za Siberia za 1973 na za 1997 na 1998 walikuta maziwa makubwa yamepungua kutoka 10,882 hadi 9,712. Kwenye maeneo ambako ardhi mgando bado ni nzima na imeunganika, maziwa yalikuwa yameongezeka; kwenye kingo zake, ambako imekuwa nyembamba, yalikuwa yametoweka. Nilipoyasoma hayo niliona ni mwendo mmoja wenye hatua mbili: kwanza bawabu anafurika mlangoni, halafu anaondoka kabisa.

Na akiondoka, moto unakuja. Julai 2007, kwenye bonde la mto Anaktuvuk, si mbali na Toolik, radi ilipiga tundra iliyokuwa imekauka isivyo kawaida. Moto ukawaka hadi Oktoba mwanzoni. Uliteketeza kilomita za mraba 1,039 na kutoa tani milioni 2.1 za kaboni, kiasi kinacholingana na kile ambacho tundra yote ya Aktiki ilikuwa ikikivuta kwa mwaka katika robo ya mwisho ya karne ya 20. Bonde moja, msimu mmoja. Kilichoungua zaidi ni ile sponji ya juu na mboji yake, yaani blanketi lenyewe linaloikinga barafu na jua la kiangazi.

Milima ya Brooks, tuliyoiona kila asubuhi upande wa kusini wa kambi, nayo ina dalili zake. Kuna vijito vilivyokuwa na maji safi kama ya mtungi ambavyo vimegeuka rangi ya machungwa. Utafiti uliotoka 2024 ulihesabu 75. Ardhi mgando ikiyeyuka, maji na oksijeni vinafika kwenye miamba yenye madini ya salfa na chuma ambayo ilikuwa imefungiwa, vinatengeneza asidi, na chuma kinatiririka na kuganda kwenye mawe kama kutu. Sikutegemea mada ya kaboni initoe hadi kwenye kutu. Lakini mlango ukiwa wazi, maji hayachagui yabebe nini.

Walter Oechel na wenzake waliandika mwaka 1993 kwamba tundra ya Alaska waliyoipima ilikuwa imeanza kutoa hewa ukaa zaidi ya inayovuta. Wengi walibishana, na ilikuwa haki yao kubishana, kwa sababu mahali pengine palionyesha vingine, na joto linaongeza pia ukuaji wa mimea. Desemba 2024 ripoti ya kila mwaka ya Aktiki inayotolewa na shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, ilisema kwamba ukijumlisha na moto, tundra sasa inatoa hewa ukaa zaidi ya inayopokea. Niliisoma nikiwa Fairbanks, nje jua limeshazama saa tisa alasiri. Nilikumbuka vibendera vyangu.

Mwisho wa Agosti tulirudi kwenye mstari ule ule kwa kipimo cha mwisho cha msimu. Mierebi ilikuwa myekundu, mbu hawakuwapo, na theluji nyepesi ilikuwa imeshika kwenye vichwa vya nyasi-pamba. Kibendera cha kwanza, kile cha 34, kilinipa 46. Cha pili, 41. Ni kawaida kwa mwisho wa msimu, ndiyo maana tunasubiri hadi hapo. Kibendera cha pembeni ya kijito sikukiona mahali pake. Kipande cha ukingo kilikuwa kimeshuka, kama kitanda kilichovunjika tendegu moja, na kibendera kilikuwa kimelala ndani ya maji ya rangi ya chai.

Niliingia na mabuti hadi pale kilipokuwa, nikausimamisha ufito, nikausukuma. Ukazama. Nikasukuma tena, nikisubiri ile ngo kwenye viwiko, hadi mpini ukagusa tope na vidole vyangu vikaingia kwenye maji baridi. Daftari halikuwa na safu ya kuandika jambo hilo, kwa hiyo niliandika pembeni ya ukurasa: haukugota. Mwenzangu aliinama akasoma, akatazama kijito, akasema kesho tuje na ufito mrefu zaidi.